Paka Mbele ya Shimo: Maneno juu ya Kuhudhuria kwa Moyo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho na kiendacho juu ya ardhi, akajidhamini riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 H., ametaja katika Ihya Ulumid-Din, katika mlango wa muraqaba, kisa cha masheikh wawili wa Baghdadi. Shibli alimwendea Abul Husein an-Nuri, akamkuta amekaa faraghani, ametulia, moyo wake umekusanyika, wala hapana kiungo chake kinachotikisika. Akamwuliza ameipata wapi muraqaba hiyo na utulivu huo. Nuri hakumtajia sheikh wala kitabu. Alimjibu kuwa amejifunza kwa paka waliyekuwa naye, ambaye alipotaka kuwinda hukaa mbele ya shimo, asitikise hata unywele mmoja.

Kila mwenye paka nyumbani ameiona hali hiyo mara nyingi, akapita zake. Huitwa asigeuke; hupita mtu karibu naye asishtuke; hata harufu ya samaki jikoni, ambayo saa nyingine ingemtoa mbio, haimtoi hapo. Hakuna aliyemfundisha. Nuri alikiona kile kile wanachokiona watu wote, ila yeye alisimama akakitazama.

Huenda mwenye kusoma akasema: Mwanadamu ametukuzwa kwa akili, na mnyama hana akili, imekuwaje mwenye nayo akae kujifunza kwa asiye nayo? Na Kurani, katika Sura ya Al-Aaraf, imewafananisha walioghafilika na wanyama, tena ikasema wao wamepotea zaidi. Pingamizi hii ina nguvu, na haifai kuipita kwa haraka. Wako watu wasemao kwamba mnyama ana raha kwa kuwa hana jana wala kesho, na kwamba mwanadamu lau angaliishi hivyo angalipumzika. Kauli hii ina upungufu. Kwanza, si kweli kwamba mnyama hana jana. Paka aliyeunguzwa katika jiko hulikwepa jiko lile siku nyingi, na punda huijua njia ya kwao bila ya kuongozwa. Pili, mnyama hakukalifishwa sharia, wala hataulizwa umri wake aliumaliza katika nini. Mwanadamu ataulizwa. Mwenye deni akijifanya paka, asikumbuke alichokopa wala asifikiri siku ya kulipa, hajapata utulivu huyo. Amedhulumu mali ya mwenziwe, na jina la utulivu ameliazima.

Basi Nuri alitwaa nini kwa paka? Hakutwaa kusahau kwake. Alitwaa kungoja kwake. Na hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Paka aliye mbele ya shimo anangoja kitu kisichokuja bado. Panya hajaonekana, na huenda asionekane usiku kucha. Lau kukitazamia kijacho ndiko kunakomtoa kiumbe katika saa yake, paka huyu angalikuwa wa kwanza kutolewa. Walakini yuko pale mzima mzima. Kesho yake imo katika macho yake na kucha zake, haikumchukua kumpeleka pengine. Mwanadamu hufanya kinyume: mwili umekaa barazani, na moyo uko bandarini juu ya mzigo usiofika, na mzigo haufiki mapema hata saa moja kwa ajili ya kufikiriwa. Alichokipoteza ni baraza tu, na maneno ya mwanawe aliyekuwa akimsemesha asisikie.

Na ndiyo maana ya Hadithi ya ndege, aliyoipokea Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, na Tirmidhi akaitoa, kwamba watu lau wangalimtegemea Mwenyezi Mungu haki ya kumtegemea, angaliwaruzuku kama awaruzukuvyo ndege, ambao hutoka asubuhi matumbo matupu na kurudi jioni wameshiba. Wenye uvivu wameipenda sana Hadithi hii, nao hawakuisoma hata mwisho, kwani ndege wametajwa kuwa hutoka. Kiota hakikutajwa. Wala kuweka akiba si kinyume cha kutegemea. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Akiba huwekwa ghalani. Mwenye kuiweka kifuani pia, akailalia na kuamka nayo, huyo ndiye aliyekosea mahali pake.

Ama yaliyopita, Abu Hureira, ambaye jina lake la kupanga lamaanisha baba wa kijipaka, kwa sababu ya paka mdogo aliyekuwa akimchukua na kucheza naye alipokuwa akichunga, ndiye aliyeipokea katika Sahihi Muslim Hadithi ya kukataza "lau": kwamba aliyesibiwa na jambo asiseme lau ningalifanya hivi ingalikuwa hivi, kwa kuwa neno hilo hufungua kazi ya Shetani. Tena wanazuoni wamesema kuwa kujuta ni nguzo katika nguzo za toba. Mambo haya mawili hayagombani. Majuto ya toba yana kazi ya kufanywa leo: kurudisha haki ya mtu, kulipa Sala iliyopita, kuomba radhi. Majuto ya "lau" hayana kazi. Mwenye nayo hutafuna pale pale kama ng'ombe anayecheua, na ng'ombe ni bora, maana yeye hupata chakula katika kucheua kwake.

Na mahali ambapo jambo hili linamgusa Muislamu kila siku, si mara moja bali mara tano, ni katika Sala. Madhehebu ya Imamu Shafi yameshurutisha nia ifungamane na takbiri ya kuhirimia. Haitoshi kuwa mtu alinuia alipokuwa njiani, wala kuwa atakumbuka akifika katika Fatiha. Sharti iwe ipo pale anaposema Allahu Akbar. Ni nadra kupata sharti iliyomshika mwanadamu mkono kiasi hiki, ikamweka katika pumzi moja asiende mbele wala asirudi nyuma. Wengine imewatia wasiwasi. Utamwona mtu akitoa takbiri, akaivunja, akatoa nyingine, mpaka imamu akarukuu na yeye hajaingia katika Sala. Huyu anadhani kwamba anahudhuria, na hali amekwisha kuiacha Sala akashughulika na nafsi yake. Kwa ajili hiyo Imamul Haramein na Ghazali walichagua, na Nawawi akaikubali kauli yao, kwamba yatosha mfungamano ujulikanao na watu katika ada yao, awe ni mwenye kuhesabiwa kuwa yupo na Sala yake, hakughafilika nayo. Paka hapimi kama ameangalia sawasawa. Yeye huangalia.

Baada ya takbiri ndipo duka linapofunguliwa. Mtu yumo katika rakaa ya pili, na moyoni anapima mchele, anamjibu aliyemtukana jana kwa jibu zuri kuliko lile alilompa, anakumbuka ufunguo alikouweka. Mafakihi walio wengi hawakuibatilisha Sala yake kwa hayo, na hiyo ni rehema kwa watu. Walakini Ghazali amelikazania jambo hili katika Ihya kwa maneno makali, na mwenye kuyasoma hawezi kuridhika na Sala iliyosihi peke yake.

Mafunzo ya wanyama hayakuishia katika kuwatazama. Iko haki yao, nayo ni haki ya saa iliyopo kuliko haki zote. Mwenye deni aweza kumwambia anayemdai, "Nipe muhula mpaka mwisho wa mwezi," na akapewa. Punda haambiwi hivyo. Katika Lamu, ambako njia ni nyembamba na punda ndiye mchukuzi wa mawe na mchanga, mwenye punda aweza kuwa na nia njema kabisa ya kumlisha vizuri siku mapato yatakapoongezeka. Nia hiyo haiingii tumboni mwa mnyama. Kwa hiyo Nawawi ameandika katika Minhaj kwamba ni wajibu wa mwenye wanyama kuwalisha na kuwanywesha. Akikataa, mnyama akiwa ni wa kuliwa hulazimishwa ama auze, ama alishe, ama achinje. Na akiwa si wa kuliwa, ama auze, ama alishe. Hakutaja muhula. Na mwanamke yule wa Hadithi, aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka, hakutajwa kuwa alimpiga. Alimfunga, asimpe chakula, wala asimwache akajitafutia. Huenda kila siku alisema kesho.

Katika kisomo na mazungumzo husikiwa kisa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikata mkono wa kanzu yake asimwamshe paka aliyelala juu yake. Kisa hicho hakina asili katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa, na haifai kumnasibishia Mtume. Mfano wake umesimuliwa juu ya Sayyid Ahmad ar-Rifai, aliyefariki mwaka 578 H.

Lililopokewa kwa Malik, na Abu Daud, na Tirmidhi, ni la Abu Qatada, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Aliingia kwa Kabsha binti Kaab, mke wa mwanawe, naye akammiminia maji ya udhu. Akaja paka anataka kunywa. Kabsha akawa anamtazama mzee kwa kustaajabu, kwani maji yamekwisha kuwa tayari, na mzee hakumfukuza paka wala hakuharakisha. Alimwambia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kwamba paka si najisi, bali ni katika wanaowazungukia watu majumbani mwao. Na chombo alikuwa amekwisha kukiinamisha, amekishika vivyo hivyo, mpaka paka akanywa.