Amana ya Ujiji, na Swali la Jirani

Liko swali ambalo sisi walimu huulizwa mara kwa mara katika vijiji vya kando ya ziwa letu. Watu husema: Tukishuka Ujiji twaona misikiti, tukipanda milimani kwa Waha twasikia kengele za makanisa, na babu zetu walimwita Mungu kwa jina la Imana kabla padre au shehe hajafika. Je, dini hizi zafundisha wema mmoja, au wema mbalimbali? Na ikiwa wema ni mmoja, mbona uovu haukukoma?

Sehemu ya kwanza ya swali ni nyepesi, wala hatutakaa nayo sana. Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 7, alituagiza tuwatendee watu yale tunayopenda wao watutendee sisi. Hillel, mwalimu wa Kiyahudi aliyemtangulia kwa miaka michache, aliombwa na mtu wa mataifa amfundishe Torati yote kwa muda ule ambao mtu aweza kusimama kwa mguu mmoja. Naye akamfundisha asimtende mwenziwe jambo ambalo yeye mwenyewe alichukia kutendwa. Confucius wa China, karne tano kabla ya Kristo, alipoulizwa na mwanafunzi wake neno moja la kumwongoza mtu maisha yake yote, alijibu karibu vivyo hivyo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume wa Waislamu alifundisha kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendee nduguye kile anachojipendea mwenyewe. Na mzee wa Kiswahili asiyejua kusoma hata herufi moja husema: Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wako Wakristo wanaofadhaika wasikiapo hayo, kana kwamba neno la Bwana lapungua thamani likisikika na China. Sisi hatuoni sababu ya kufadhaika. Mtume Paulo mwenyewe, katika waraka wake kwa Warumi, alikiri ya kuwa hata mataifa wasiopewa torati wanayo kazi ya torati ndani ya mioyo yao. Wala hatusemi kwamba dini zote ni kitu kimoja. Habari za Mungu, za msalaba na za wokovu zatofautiana sana, na mtu asemaye kwamba hazitofautiani hajaiheshimu hata moja kati yake. Twasema tu kwamba katika jambo la kumtendea mtu, hakuna awezaye kujitetea mbele ya Mungu kwa kusema hakuambiwa.

Basi, ikiwa wote waliambiwa, kosa hutokea wapi? Hapa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tutazame jambo lililotokea Ujiji katika mwaka 1871, ambalo Daktari Livingstone aliliandika katika kitabu chake cha safari.

Watu wengi wajua ya kuwa Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji. Hata watoto wa shule huonyeshwa mahali penyewe. Wachache wajua habari za siku chache zilizotangulia. Livingstone alikuwa ametoka Nyangwe, kwenye mto Lualaba, ambako mwezi wa Julai mwaka ule aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara wakiwapiga bunduki wanawake na waume sokoni. Aliwakadiria waliokufa kuwa mamia. Akarudi kwa miguu, mgonjwa na mwenye huzuni, akitumaini kwamba Ujiji ataikuta mali yake, maana Daktari Kirk wa ubalozi wa Kiingereza alikuwa amemtumia bidhaa kutoka Unguja, akimkabidhi msimamizi aliyeitwa Sharifu. Mali hiyo ilikuwa amana. Akafika mwishoni mwa Oktoba, kwa hesabu yake mwenyewe, akakuta hapana kitu. Merikani yadi 3,000 na shanga ratili 700, zote zimekwisha kuuzwa.

Sharifu alitoa sababu gani? Alisema kwamba alipiga bao kwa Kurani, na bao likamwonyesha kwamba mwenye mali amekufa. Naye, kwa maneno ya Livingstone, alijua vema kwamba hajafa, kwa kuwa watu waliomwona walimpa habari zake. Kisha akaja pasipo haya kumpa mkono yule aliyemwibia, akaudhika alipokataliwa. Akaendelea kuja kumsalimu mara mbili kwa siku, na kila alipoondoka akaaga kwamba anakwenda kuswali.

Mkristo asomaye habari hii na kusema, Tazameni Uislamu, amesoma vibaya. Kurani yenyewe, katika sura ya Wanawake, yaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, kama vile kitabu cha Kutoka kilivyoweka sheria ya mali iliyowekwa kwa jirani. Sharifu hakukosa kwa kukifuata kitabu chake. Alikichukua kitabu kilichomkataza wizi akakifanya kuwa chombo cha wizi. Nasi twajua wenzetu wanaoichukua Biblia hivyo hivyo wakati wa kugawa urithi wa mjane.

Tena tuwatazame Waislamu wengine waliokuwapo mjini. Wa kwanza ni Mwinyi Kheri, mkubwa wa mji. Alimwambia Livingstone ya kwamba wao walimkataza Sharifu, lakini hakusikia. Hatuna neno la kumlaumu sana. Pengine hakuweza zaidi. Wa pili ni Sayyid bin Majid. Huyu alingoja mpaka walipokuwa peke yao, ili asimwaibishe mgeni mbele ya watu, akamwambia kwamba bidhaa hana, ila pembe anazo; amruhusu auze baadhi, ampatie bidhaa zitakazonunuliwa. Livingstone alishukuru, akaomba wangoje kidogo. Naye aliandika kwamba katika umaskini ule alijiona kama yule mtu aliyeshuka toka Yerusalemu kwenda Yeriko, asiyetumaini kwamba Msamaria yeyote atapita njia ile. Akapita Mwarabu.

Watu hawa watatu walikuwa wa dini moja na mji mmoja. Mmoja aliiba amana, mmoja alikemea kwa kinywa, mmoja akafungua ghala. Hapo twaona tofauti ambayo wanafunzi wetu huikosa wasomapo maneno ya Hillel na maneno ya Bwana kana kwamba ni sawasawa kabisa. Asiyemtenda mwenziwe jambo baya aweza kuitimiza sheria yake akiwa ameketi barazani na mlango umefungwa. Aliyeagizwa kutenda jema hana budi kuinuka. Hatuwadharau Wayahudi kwa kusema hivyo, kwa maana Torati yao yaamuru pia kumpenda mgeni. Twapima maneno tu.

Hata hivyo habari haijaisha, na sehemu iliyobaki ni nzito kuliko ya kwanza. Miaka miwili kabla ya hayo, mwanzoni mwa mwaka 1869, Livingstone aliugua mapafu huko magharibi ya ziwa, akawa hawezi hata kutembea. Aliyemwokoa ni mfanya biashara aitwaye Muhammad bin Gharib. Alimpa dawa, akamlaza juu ya kitanda, akaamuru watu wamchukue mpaka ziwani, akafikishwa Ujiji mwezi wa Machi. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli, na Livingstone aliikiri. Lakini Muhammad huyo huyo alifanya biashara ya pembe na ya watumwa. Katika safari zilizomwokoa mgonjwa mmoja walikuwamo watu waliokwenda kwa lazima, na shingo za wengi katika njia zile zilifungwa kongwa.

Tumwiteje mtu huyu? Mnafiki? Sisi twaona jina hilo halimfai, kwa kuwa mnafiki hujifanya mwema, naye alikuwa mwema kweli kwa yule aliyemhesabu kuwa mgeni wake. Ila alikuwa na ukuta katika akili yake. Upande huu walikaa watu: ndugu, mgeni, mshirika wa biashara. Upande wa pili ilikaa mali. Sheria ya kupenda kama ujipendavyo aliijua na kuitunza, lakini haikuvuka ukuta. Na kitabu chake kilikuwa kimeugonga ukuta huo: sura ya Ng'ombe, itajapo wema ni nini, yahesabu pamoja na sala na zaka kumpa mali msafiri, na kuwakomboa waliomo utumwani.

Wala tusimnyoshee kidole. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kilikuwa kimemhukumu kufa mtu amwibaye mtu na kumwuza. Na Paulo, akimwandikia Timotheo, aliwaweka wanaoiba watu pamoja na wauaji. Maneno hayo yalisomwa makanisani Ulaya karne kwa karne, na wakati huo huo merikebu za mataifa ya Kikristo zikawavusha Waafrika mamilioni katika bahari ya Atlantiki. Bunge la Waingereza halikuikataza biashara hiyo mpaka mwaka 1807. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe hapa Tanganyika haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1922. Wafuasi wa Buddha nao walifundishwa tangu zamani kwamba kuuza watu ni miongoni mwa biashara tano zisizomfaa mwenye dini, na nchi zao hazikukosa watumwa. Kila mahali amri ilikuwapo, na kila mahali palikuwa na watu walioachwa nje yake.

Kwa hiyo twaona kwamba mwanasheria katika Luka sura ya 10 aliuliza swali lililo gumu kweli, ingawa aliliuliza kwa hila. Hakuuliza apende namna gani, bali jirani yake ni nani; yaani, ukuta waishia wapi? Naye Bwana hakumpa orodha. Alimpa habari za Msamaria, mtu ambaye yule mwanasheria alikuwa amemweka nje.

Swali hilo lilitufikia sisi wenyewe mwezi wa Mei 2015. Baada ya fitina za uchaguzi katika Burundi, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, mahali pasipokuwa na njia ya gari. Wakalala ufukoni. Kipindupindu kikaingia, watu wakafa. Meli Liemba ikatumwa kuwachukua mpaka Kigoma, mitumbwi ya wavuvi ikiwapeleka kwake kwa makundi, nao wakapokewa katika uwanja wa mpira kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. (Meli hiyo Wajerumani waliiunda mwaka 1913, ikatumiwa vitani, ikazamishwa mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924. Haikupata kubeba shehena nzuri kuliko ile ya 2015.) Siku zile hakuna aliyeuliza nani Mkatoliki, nani Mpentekoste, nani Mwislamu.

Siku zile ndizo nyepesi, ndugu zangu. Mtu anayekufa ufukoni humgusa hata mwenye moyo mgumu. Ugumu huja baadaye, mgeni anapokuwa amekaa mwaka, kuni zimepungua mlimani, na kila kuku akipotea husemwa ni watu wa kambini. Wazee wetu walikuwa na kanuni: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumfukuza mgeni, lakini isikilizeni vema: haisemi apewe njia, yasema apewe jembe. Warundi waliokuja mwaka 1972 walipewa mashamba katika Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na katika mwaka 2014 wapatao 162,000 wakatangazwa kuwa wamepewa uraia. Waliokuja mwaka 2015 walikuta sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998, iliyowataka wakae kambini. Wakapewa hema na posho. Serikali ilikuwa na sababu zake, za ardhi na za usalama, nasi hatuzidharau. Walakini mtu asiyepewa jembe atabaki mgeni milele, na mgeni wa milele ni rahisi kuwekwa nyuma ya ukuta.

Mpaka huo uwekwe wapi, sisi walimu hatuwezi kuwakatia shauri wanavijiji wa mpakani, ambao ndio wenye kuni na visima. Tungependa wazee wa kanisa walizungumze jambo hili pamoja na mashehe wa Ujiji, kwa kuwa vitabu vya pande zote mbili vimemtaja msafiri.