Jibu Lipatikane Shambani

Mwaka 1976, ugonjwa usiojulikana ulipokuwa ukiua watu Yambuku, kaskazini mwa Zaire, damu ya mtawa mmoja aliyeugua ilitiwa kwenye chupa ya chai, ikapakiwa kwenye ndege ya abiria na kupelekwa Antwerp, Ubelgiji. Kirusi kilichunguzwa nje ya Afrika, na baadaye ugonjwa ukapewa jina la Ebola. Daktari Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani aliyefika Yambuku mapema na kutoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, kwa miaka mingi hakutajwa sana historia hiyo iliposimuliwa.

Miaka 42 baadaye Ebola ililipuka Kivu Kaskazini, kwenye miji ya wazungumzaji wenzetu wa Kiswahili ya Beni na Butembo. Safari hii vinasaba vya kirusi vilisomwa hukohuko Kongo, na wataalamu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ambayo Muyembe mwenyewe alikuwa akiiongoza. Vilisomwa wakati wagonjwa wangali wodini, ili ijulikane nani kaambukizwa kupitia mnyororo upi na timu za chanjo zielekezwe wapi.

Hilo ndilo ninalotaka kila mtafiti kijana wa Afrika alitamani mpaka akose usingizi: swali liulizwe kwetu, jibu lipatikane kwetu, na lipatikane mapema, wakati bado lina faida kwa aliyeulizwa. Vifaa vya kulifanya hilo sasa vipo. Vingine viko mfukoni mwako.

Nakuandikia wewe unayekwenda uwandani. Wewe uliyepanda bodaboda na mkoba wa madodoso mgongoni, ukakaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji ukisubiri mtendaji amalize kusoma barua yako ya utambulisho. Wewe mwanafunzi wa shahada ya pili ambaye fedha za utafiti zimeishia kwenye nauli na kudurufu karatasi. Kazi yako ni kubwa kuliko unavyolipwa, na ni kubwa kuliko unavyoambiwa. Kila sera ya mbegu, ya chanjo, ya maji, imesimama juu ya mtu kama wewe aliyebisha hodi kwenye nyumba ya mtu na kuuliza.

Sasa tazama karatasi inavyoifanyia kazi hiyo. Tuseme uko Kibondo, unamhoji mama mmoja. Anakwambia ana miaka 24. Kurasa tatu mbele unaandika kwamba mtoto wake mkubwa ana miaka 15. Jua ni kali, umechoka, bado kaya nne, unafunua ukurasa unaofuata. Karatasi inapokea tu. Kosa linakuja kuonekana Dar es Salaam miezi kadhaa baadaye, mtu akiingiza takwimu kwenye kompyuta, na hapo hakuna wa kumuuliza. Kaya nzima inafutwa kwenye hesabu. Simu iliyopangwa vizuri ingegoma palepale. Onyo lingetokea kwenye kioo, ungemuuliza mama tena kwa adabu, naye angecheka na kukueleza kwamba huyo wa miaka 15 ni mtoto wa marehemu dada yake, yeye ndiye anayemlea. Hapo umeokoa takwimu, na zaidi ya hapo umejua habari ya ulezi ambayo mtunga dodoso hakuifikiria. Ukiiandika na kuirudisha kwa mkuu wako jioni ileile, dodoso la kesho linaweza kuwa bora kuliko la leo.

Programu ya kufanya hivyo hainunuliwi. ODK ilianza mwaka 2008 kwenye Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na kati ya waliowahi kuitumia kwa dhati ni AMPATH, mpango wa huduma za VVU wa Eldoret, Kenya, ambao washauri wake walitembea nyumba kwa nyumba wakipima VVU huku majibu yakiingia kwenye simu. KoboToolbox, iliyoanzia Harvard, imejengwa juu ya msingi huohuo. Zote mbili zinafanya kazi pasipo mtandao: unajaza madodoso kutwa nzima bondeni kusikoshika hata minara miwili, ukifika mjini unayatuma yote kwa mkupuo. Simu ya Android ya bei ya kawaida inatosha.

Kama unadhani haya ni majaribio ya maprofesa, kumbuka sensa zetu. Tanzania ilihesabu watu kwa karatasi tarehe 26 Agosti 2012, na matokeo ya kwanza yakatangazwa Desemba 31, zaidi ya miezi minne baadaye. Mwaka 2022 makarani walishika vishikwambi. Hesabu ilianza Agosti 23, na Oktoba 31 taifa likaambiwa liko watu 61,741,120. Muda ulipungua karibu nusu, ilhali watu walikuwa wameongezeka kwa zaidi ya milioni 16. Waliofanya kazi hiyo ni vijana wa mitaa yetu, wengi wao wakiwa walimu na wahitimu waliokuwa wakitafuta ajira. Hao ndio waliothibitisha kwamba nchi hii inaweza. Ujuzi ule usizeeke ndani ya nyumba zao ukisubiri sensa nyingine!

Lakini kasi ya kuhesabu si mwisho wa habari. Nenda kwenye mihogo.

Michirizi ya kahawia ni ugonjwa ambao taarifa yake ya kwanza ya kisayansi iliandikwa Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1936. Ubaya wake ni kwamba shina linaweza kusimama zuri, majani ya kuvutia, kumbe chini mizizi imekauka na kuwa na madoa ya kahawia, haifai hata kulisha nguruwe. Mkulima asiyejua anakata pingili za shamba hilo, anapanda upya, nyingine anampa jirani kwa moyo mweupe, na kirusi kinahama pamoja na zawadi. Inzi weupe wanamalizia kazi. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, jibu la maabara linalorudi baada ya miezi halimsaidii mtu. Pingili zimekwishagawanywa na mvua zimekwishanyesha.

Ndipo likaja kundi la watafiti lililowakutanisha Joseph Ndunguru wa Mikocheni, Dar es Salaam, Titus Alicai wa Uganda, Charles Kariuki wa Kenya na Laura Boykin aliyetokea Australia. Walichukua MinION, mashine ya kusoma vinasaba isiyofika gramu 100, wakaiunganisha na kompyuta ndogo na betri, wakaenda nayo hadi mashambani kwenye nchi hizo tatu za Afrika Mashariki. Maabara yao ya shambani ilikuwa chini ya mti, ndiyo maana wakaiita maabara ya mti katika makala waliyoyachapisha mwaka 2019. Jani linachumwa, linapondwa, vinasaba vinatolewa na kusomwa, na mkulima ambaye shamba ni lake amekaa hapo akitazama. Jibu linatoka siku ileile: kirusi kipo au hakipo, na kama kipo ni kipi. Mkulima anajua nini cha kung'oa kabla ya kumpa jirani pingili.

Mashine ya namna hiyo bado ni ghali, sikufichi, na kemikali zake huagizwa nje. Ila kuna hatua ya chini yake ambayo haikugharimu chochote. PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, ilifundishwa kwa picha za majani ya mihogo zilizopigwa huku pwani ya Tanzania. Inazungumza Kiswahili, haihitaji intaneti, unaielekeza kwenye jani na inakueleza inachokiona. Picha zilizoifundisha zilipigwa kwa mikono, jani kwa jani, na watu waliolijua jani lenye batobato na lenye kushambuliwa na utitiri. Bila macho yao programu ile isingejua chochote.

Hapa ndipo ninapotaka usikilize kwa makini zaidi. Teknolojia haichukui nafasi ya mjuzi wa mahali. Inampa sauti inayofika mbali. Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua ulitoka Karoo, Afrika Kusini, miaka ya 1990. Karel Benadie na James Minye walikuwa wasoma nyayo hodari ambao hawakujua kusoma wala kuandika. Louis Liebenberg alipobuni CyberTracker, kompyuta ya mkononi yenye picha mahali pa maneno, walianza kurekodi kila walichokiona: faru mweusi amepita hapa, amekula mti huu, saa hizi, mahali hapa. Mwaka 1999 jarida la Pachyderm lilichapisha makala kuhusu kazi hiyo, na majina ya Benadie na Minye yapo juu kama waandishi. Hawakushukuriwa mwishoni kwa herufi ndogo. Ni waandishi.

Basi, mtafiti mkuu unayesoma hapa, ni wasaidizi wangapi wa uwandani wamekubebea utafiti wako na hawamo kwenye orodha ya waandishi? Simu inaonyesha nani alihoji nani, saa ngapi, wapi. Huna tena kisingizio cha kutojua mchango wa nani ulikuwa upi.

Na wewe msaidizi, usikubali kuwa mkono tu. Jifunze kutengeneza dodoso, si kulijaza pekee. Kaa na anayelitunga, mwambie swali hili Wasukuma hawaulizwi hivi, wataona unawatukana. Shauri maswali yarekodiwe kwa sauti ya mzee wa hapo ili wadodosaji wote waulize kwa namna moja. Jaribuni kaya tano kabla ya kuingia mia tano. Beba betri ya akiba na paneli ndogo ya sola, weka kishikwambi kwenye mfuko usiopitisha maji, nakili takwimu kila jioni hata kama umechoka hoi. Na ukiwa mbele ya mtu, inua uso. Watu wanaogopa kumweleza msiba wao mtu anayetazama kioo.

Linda pia siri zao. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, lakini heshima ilikuwapo kabla ya sheria. Alama ya GPS ya nyumba ya mwenye VVU au ya pori alimolala faru ikiangukia mikono mibaya inaweza kuua. Funga simu kwa nywila, mweleze mtu wazi unachukua nini na kitakwenda wapi, na akikataa, mshukuru uondoke.

Kisha rudisha ulichokipata. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi waliingia kwenye kata zenye mafuriko chini ya mradi wa Ramani Huria, wakachora mifereji na vichochoro pamoja na wenyeji, na ramani ikawa wazi kwa yeyote. Takwimu za simu zinajumlishwa jioni ileile, kwa hiyo hakuna sababu ya kuondoka kijijini kimyakimya. Omba mkutano siku ya mwisho. Waonyeshe hesabu za awali, waache wakubishie, kwa maana watakubishia, na mara nyingi watakuwa sahihi.

Huna haja ya kungoja ufadhili. Usiku huu fungua akaunti ya KoboToolbox, andika maswali kumi kuhusu kila chanzo cha maji cha mtaa wako: kipo wapi, kinatoa maji, kiliharibika lini, nani alikuja kukitengeneza, nani anachota usiku. Weka nafasi ya picha na ya GPS. Jumamosi mtafute mwenzako mmoja, mwombeni mwenyekiti wa mtaa ruhusa, mzunguke. Jumapili kaeni naye barazani na orodha ya mabomba yaliyokufa, mwandike barua ya kwenda kwa mhandisi wa maji.