Shahidi Yuko Wapi?

Ukipoteza vyeti, au jina lako likiandikwa vingine kwenye kitambulisho, utaambiwa ulete afidaviti. Kwa anayeishi Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, hiyo ni matatu hadi Naivasha mjini, na kama unafanya kazi kwa shamba la maua, ni kuomba ruhusa kwanza. Ukifika, wakati mwingine karani anachukua karatasi, anaingia chumba cha ndani, anarudi nayo ikiwa na muhuri. Wakili hujamwona, naye hajakuona. Lakini karatasi inasema umeapa mbele yake.

Sheria ya viapo ya Kenya, Sura ya 15, inamtaka kamishna wa viapo aandike kwa ukweli kiapo kimechukuliwa wapi na siku gani. Hilo neno "mbele" halikuwekwa kama urembo. Linasema kuna mtu alikuangalia, na kesho akiulizwa atajibu.

Huko Marekani, jimbo la Virginia lilipitisha sheria mwaka 2011 ya kuthibitisha hati kupitia video. Sisi nasi tumeanza kusogea. Mwaka 2020 tulibadilisha sheria za biashara ili sahihi ya kielektroniki ikubalike kwenye mikataba, na 2021 Ardhisasa ikazinduliwa, shughuli za ardhi zikaanza kuhamia mtandaoni. Basi kwa nini tusiape kwa simu?

Mimi naona tunaweza. Wakili anayenitazama kwa skrini na kuniuliza maswali ni shahidi kuliko yule aliye nyuma ya ukuta akipiga muhuri. Shida si umbali. Shida ni kutoangalia.

Ila kamera huona mbele yake tu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume na mke. Sasa fikiria mama anayetoa idhini hiyo kwa video. Simu ni ya mzee, bando ni la mzee, na mzee mwenyewe ndiye ameishika. Wakili anauliza, "Mama, umekubali kwa hiari yako?" Mama anatazama juu kidogo ya kamera, kisha anasema ndiyo. Wakili amesikia ndiyo. Hajaona alichokitazama mama.

Utaniambia hata ofisini mtu anaweza kuja ameshatishwa nyumbani. Kweli kabisa. Lakini ofisini wakili anaweza kusema, "Mzee, tuachie nafasi kidogo," kisha afunge mlango mwenyewe. Kwa video anaweza kuomba mlango ufungwe, lakini nani amebaki ndani hajui. Zile dakika tano pengine ndizo pekee ambazo mama angesema hapana.

Kwa hivyo tusiweke hati zote kwenye kapu moja. Kiapo cha cheti kilichopotea kiapwe kwa simu, watu wasikose kazi kwa sababu ya muhuri. Lakini hati inayoweza kumtoa mtu kwake isainiwe baada ya yeye kusikilizwa peke yake, ana kwa ana. Na kama nauli ndiyo tatizo, wakili apande matatu aje Kamere. Sioni kwa nini kila mara anayesafiri awe yule mwenye cha kupoteza.