Ugumu wa Siku ya Kwanza

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mhandisi Mmarekani Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wa kompyuta kazi ya mikono yake miwili. Mkono wa kuume ulishika kile kidude ambacho leo kila karani akijua kwa jina la kipanya. Wa kushoto ulikaa juu ya kibao chenye vibonye vitano tu, kimoja kwa kila kidole, naye aliweza kuandika herufi zote kwa hivyo vitano. Siri yake si kubwa: vidole hubonyeza pamoja, kama mpiga kinanda atoavyo sauti tatu kwa pigo moja, na vibonye vitano vyaweza kuunganishwa kwa namna 31.

Kipanya kimeenea duniani. Kibao kile walio wengi hawakupata hata kukisikia. Kwa nini? Kipanya humtumikia mtu siku ile ile akishikapo. Kibao cha mkono mmoja hakina herufi juu yake. Hata msomi hulitafuta neno “mama” kama mtoto wa darasa la kwanza, akaona haya.

Je, ni haki kukihukumu chombo kwa siku yake ya kwanza? Engelbart alikataa. Alisema baiskeli ya magurudumu matatu haihitaji mafunzo, lakini haifai safari. Twakubaliana naye, ingawa si kwa yote: karani mwenye mikono mizima na kazi nyingi hana kosa akibaki na kibao alichokizoea.

Lakini yuko mwingine, ambaye mkono wake mmoja umepooza. Kwake yeye haraka yetu si jambo dogo, maana chombo kisichopendwa na wengi huwa adimu, na mwalimu wake haonekani. Wala asiambiwe kwamba jambo lenyewe haliwezekani. Mashine ya Perkins ya maandishi ya wasioona, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951, ina vibonye sita vya nukta vibonyezwavyo pamoja, na watoto wa shule huizoea.

Kinachomshinda mara nyingi si vidole. Ni ndugu aliyesimama nyuma yake, mwenye huruma, asiyeweza kungoja. “Lete, kaka, nikuandikie.” Naye humpisha kiti, na barua kwa mkewe huandikwa kwa maneno ya mtu mwingine.