Je, Kupima Presha ni Kukosa Imani?

Somo: Isaya 38, Mathayo 4:5-7, Mathayo 8:1-4



Kwa miaka mingi nilikuwa na ushuhuda mmoja niliopenda sana kuutoa. Nikishapewa kipaza sauti nasema, "Tangu niokoke, sijameza hata tembe moja!" Kanisa lote, "Amina!" Na ulikuwa ushuhuda wa kweli. Sikudanganya.

Lakini katika ushirika wetu wa nyumbani kuna ndugu mmoja, seremala. Alipatikana na presha kwenye dispensari akapewa dawa za kila siku. Baada ya muda akaziacha. Hakuniuliza, nami sikumwambia aziache. Alipopata kiharusi nikaenda kumwona, na mkewe akaniambia bila hasira, "Mzee, alikuwa anatamani ushuhuda kama wako." Mkono wake wa kulia, ule wa kushika randa, hauinuki mpaka leo.

Usiku huo sikulala. Je, mtu anaweza kusema ukweli, tena kanisani, na bado amkwaze ndugu yake? Nilidhani nilikuwa nampa Mungu utukufu. Roho akanichoma: kumbe nilikuwa najisifia mwili wangu.

Angalia Hezekia. Mungu alikuwa ameshamwahidi miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Nabii mwenyewe! Hakuona dawa ikipigana na ahadi. Tena angalia Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu. Ibilisi alimwambia ajirushe, akitumia Maandiko kabisa. Yesu alikataa. Kwa hiyo kuna jambo linalofanana na imani, kumbe ni kumjaribu Mungu. Tukitia sukari vijiko vinne kwenye chai, tukiongeza chumvi kabla hata ya kuonja, halafu tukatae kupimwa na kuita hiyo imani, wapendwa, tunajirusha.

Presha mara nyingi haina dalili. Mtu anaimba kwaya, anafunga siku tatu, na mishipa inaumia kimyakimya. Ndiyo sababu anayejisikia mzima pia anafaa kupimwa.

Mwaka 2023 serikali ilituma mitaani na vijijini wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mifuko ya vifaa, pamoja na mashine za kupimia presha na sukari. Wa kwetu ni mama mmoja jirani. Nilikuwa namrudisha langoni: "Mama, hapa tuko sawa kwa jina la Yesu." Baada ya yaliyompata seremala, nilimwita mwenyewe. Akanipima: 168 kwa 104. Akaniambia nipumzike, akarudia. Ikawa karibu vilevile, na mimi sisikii maumivu yoyote! Akanituma dispensari. Huko nilipewa dawa, nikaambiwa chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai, na nitembee kwa miguu nusu saa, siku tano kwa wiki.

Mtu atauliza, "Mzee, kwani Mungu haponyi siku hizi?" Anaponya! Lakini Yesu alipomtakasa mwenye ukoma, alimtuma akajionyeshe kwa kuhani. Umeombewa? Haleluya! Sasa nenda ukapimwe. Kama umepona, mashine haitauficha muujiza. Lakini usiache dawa kabla daktari hajasema.

Jumapili iliyopita niliomba kipaza sauti tena. Nikasema, "Wapendwa, leo asubuhi nimemeza tembe." Hakuna aliyepiga makofi. Lakini baada ya ibada watu wanne walinivuta kando, mmoja mmoja, wakininong'oneza, "Mzee, hata mimi."

Mpendwa, wiki hii mhudumu akibisha, mfungulie. Na kabla hujatoa ushuhuda, mkumbuke anayekusikiliza akiwa na dawa zake mfukoni.

Bwana, utusamehe kiburi tulichokiita imani. Mguse ndugu yetu seremala, na utufundishe kuutunza mwili uliotupa. Amina.