Kinachouzwa Hong Kong: Bei, Thamani na Kazi ya Sanaa

Swali la iwapo kitu kinachouzwa kinaweza papo hapo kuwa na thamani isiyouzika ni la kale katika dini na falsafa, lakini ni mahali pachache ambapo linajitokeza waziwazi kama linavyojitokeza kila mwaka, aghalabu mwezi Machi, katika ukumbi mkubwa wa mikutano na maonesho ulioko Wan Chai, ukingoni mwa Bandari ya Victoria, mjini Hong Kong. Humo hufanyika Art Basel Hong Kong, soko la kila mwaka la sanaa ya kisasa, ambalo kwa siku chache hukusanya chini ya paa moja michoro, sanamu, video na kazi za usimikaji, yaani kazi zinazojengwa palepale zinapooneshwa ili mtazamaji aingie ndani yake au azizunguke. Neno "soko" limetumiwa hapa kwa makusudi badala ya "maonesho", kwa sababu karibu kila kilichotundikwa katika mabanda hayo kimepelekwa kiuzwe, na mjadala wowote wa kifalsafa unaoanza kwa kulificha jambo hilo utakuwa umepotoka tangu hatua ya kwanza.

Soko hilo lilianza mwaka 2008 kwa jina la ART HK. Mwaka 2011 kampuni ya Uswisi ya MCH Group, inayomiliki soko mama la mjini Basel lililoanza mwaka 1970, ilinunua sehemu kubwa ya hisa zake, na mwaka 2013 likafunguliwa kwa jina lililo nalo sasa. Mwaka 2025 lilishirikisha nyumba za sanaa 240 kutoka nchi na maeneo 42, nyumba ya sanaa ikiwa ni biashara inayowawakilisha wasanii, kuonesha kazi zao na kugawana nao mapato, na watu wapatao 91,000 walipita milangoni. Hong Kong ilifaa kwa sababu ni bandari huru tangu Waingereza walipoishika mwaka 1841, na hata leo kazi ya sanaa haitozwi humo ushuru wa forodha wala kodi ya mauzo. Hayo yanaeleza kwa nini soko liko pale, bali hayaelezi ni kitu gani hasa kinachouzwa pale.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na methali hiyo ina falsafa yake ndani, kwani inachukulia kuwa jicho hukitambua kilicho kizuri kwanza, kisha mkono ndipo ukatafuta fedha. Wan Chai mpangilio huo hupinduliwa mara nyingi. Wanunuzi wakubwa hutumiwa picha za kazi kabla ya kusafiri, siku za mwanzo huwa za walioalikwa peke yao, na umma unapofunguliwa mlango kwa tiketi, sehemu kubwa ya biashara huwa imekwisha kufanyika, ikiwa pamoja na kazi zilizouzwa kabla mnunuzi hajasimama mbele yake hata mara moja. Kilichojiuza katika hali hiyo ni jina la msanii pamoja na habari ya nani mwingine amekwisha kununua, na uzuri wenyewe haujapata nafasi ya kusema lolote.

Jambo la pili linastahili kukaziwa macho zaidi, nalo ni kwamba kwa kawaida bei haiandikwi ukutani. Anayetaka kuijua huuliza, na anayeuliza hupimwa: ni nani, ana mkusanyo gani, atakaa na kazi hiyo au ataipeleka mnadani mwaka ujao. Wenye nyumba za sanaa wana hoja yao, wala si hoja ya kupuuzwa, kwamba msanii kijana ambaye kazi zake zinaangukia mikononi mwa walanguzi huweza kupandishwa mnadani kwa miaka miwili na kuachwa aporomoke mwaka wa tatu, kwa hiyo kumchagua mnunuzi ni kumlinda msanii. Hata hivyo, mwaka 2020, soko la Hong Kong lilipofutwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19 na kazi kuoneshwa kwenye intaneti, bei au makadirio ya bei yaliwekwa wazi mbele ya kila mtazamaji, na sanaa haikudhurika kwa kujulikana bei yake. Inaonekana basi kuwa usiri ulioko ukumbini unalinda zaidi ya msanii: unalinda dhana kwamba kilichopo pale ni kitu kitakatifu ambacho si adabu kukiulizia bei, ilhali kinauzwa. Mtu hawezi kupata heshima ya hekalu na faida ya duka kwa mlango mmoja, na huu ndio mgongano ambao makala hii inauona kuwa kiini cha jambo zima.

Uchina yenyewe iliujua mgongano huo karne nyingi kabla ya Basel kuja. Katika mapokeo ya wale waitwao *wenren*, yaani wasomi waliohudumu serikalini na kuchora kwa wino kama sehemu ya malezi ya nafsi, kuchora kwa ajili ya malipo kulionekana kuwa kazi ya fundi wa kuajiriwa, na mchoro wa msomi ulipaswa kuwa zawadi kwa rafiki. Kwa vitendo, zawadi zilijibiwa kwa zawadi, kwa karamu au kwa fadhila, na malipo yakaendelea chini ya pazia la urafiki. Aliyelipasua pazia hilo ni Zheng Xie, ajulikanaye pia kwa jina la Zheng Banqiao, aliyezaliwa mwaka 1693, akafaulu mtihani mkuu wa dola mwaka 1736, akawa hakimu wa wilaya katika jimbo la Shandong, kisha akaacha utumishi na kuishi Yangzhou, mji uliotajirishwa na wafanyabiashara wa chumvi, akichora mianzi, okidi na mawe. Mwaka 1759 aliitangaza hadharani orodha ya bei zake: mchoro mkubwa wa kutundika tael 6, wa kadiri tael 4, mdogo tael 2, maandishi ya jozi tael 1, na pepeo nusu tael, tael ikiwa ni kipimo cha uzito wa madini ya fedha. Akaongeza kuwa fedha taslimu ni bora kuliko zawadi na vyakula, kwa kuwa anachopenda mtoaji huenda mpokeaji hakipendi, na kwamba hakopeshi.

Ni kosa kumsoma Zheng kama mtu aliyeishusha sanaa hadhi. Alichokifanya ni kutenganisha mambo mawili ambayo unafiki wa zama zake uliyachanganya, kwani bei yake ilifuata ukubwa wa karatasi na aina ya kazi, si uzuri wa mianzi, na hakuna popote katika orodha ile alipodai kuwa mchoro wa tael 6 una roho mara tatu ya mchoro wa tael 2. Kwa kuweka wazi alichokuwa akiuza, alikiacha huru kile ambacho hakukiuza.

Msimamo unaokaribiana sana na huo unapatikana katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, kwenye suala la kuuza msahafu. Baadhi ya wanavyuoni wa mwanzo walichukia maneno ya Mungu yafanywe bidhaa, na Imamu Ahmad ibn Hanbal alikuwa mkali kwa muuzaji kuliko kwa mnunuzi; lakini imepokewa kutoka kwa ash-Shaabi, mwanachuoni wa Kufa wa kizazi kilichowafuata Masahaba, kuwa wauzaji hawauzi Kitabu cha Mungu, bali wanauza karatasi na kazi ya mikono yao. Madhehebu ya Shafi, yaliyo na wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, yanaihesabu biashara hiyo kuwa sahihi, na yanaweka kwa mauzo yote sharti kwamba bei ijulikane na pande zote mbili. Kazi ya sanaa si wahyi, wala haipasi kupewa daraja hilo, lakini mantiki ya ash-Shaabi inafaa kuazimwa: kitu kimoja huweza kubeba ndani yake kilichozalishwa na mkono, ambacho ni halali kulipwa, na maana ambayo muuzaji hana mamlaka ya kuihamisha kwa sababu haikuwa milki yake hata kidogo.

Je, mantiki hiyo inasimama pale ambapo hakuna karatasi wala kazi ya mikono? Mtihani wake ni kazi ya Maurizio Cattelan, msanii wa Italia, iitwayo *Comedian*, ambayo ni ndizi iliyobandikwa ukutani kwa utepe wa gundi. Ilioneshwa mara ya kwanza Desemba 2019 katika soko dada la Art Basel huko Miami Beach kwa dola 120,000, ikiwa na nakala tatu, na Novemba 2024 nakala mojawapo ikauzwa kwenye mnada wa Sotheby's mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 6, huku ndizi yenyewe ikiwa imenunuliwa kwa senti 35 kwenye meza ya matunda. Mnunuzi, Justin Sun, mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali, aliila ndizi ya kazi hiyo mbele ya waandishi wa habari katika hoteli moja mjini Hong Kong tarehe 29 Novemba 2024. Wengi waliona katika tendo hilo majivuno ya tajiri, na si bila sababu. Lakini likipimwa vizuri, tendo hilo lilidhihirisha mpaka wa uwezo wake, kwa kuwa kilichonunuliwa kilikuwa cheti na maelekezo ya namna ya kuibandika ndizi nyingine, na cheti kilibaki palepale. Wazo la msanii, kama lina uzito, liko kwa yeyote aliyelisikia na kulifikiri, hata asiye na senti 35. Fedha ile ilinunua haki ya kuitwa mwenyewe, na hakuna kingine ilichokinunua.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1785 kwamba kilicho na bei kinaweza kubadilishwa na kingine kinacholingana nacho, na kisicho na mlingano kina hadhi. Tofauti hiyo ni ya msaada, ila Kant aliiweka hadhi kwa mwanadamu na utu wake, na wanaoihamishia kwenye turubai bila kusita hukiinua kitu hadi mahali pa mtu. Kwa suala hili, mafundisho ya Kibuddha, ambayo Hong Kong imeyarithi, yanafika mbali zaidi. Nagarjuna, mwanafalsafa wa India anayedhaniwa kuishi katika karne ya 2 au ya 3, alitofautisha kweli ya mapatano, ambayo watu huishi kwayo katika majina, mikataba na desturi, na kweli ya mwisho, ambayo kwayo hakuna kitu kilicho na asili iliyojitosheleza peke yake; hali hiyo ya kukosa asili ya kujitegemea ndiyo iitwayo utupu. Bei ni kweli ya mapatano: si uongo, kwa maana inamlipia msanii pango na rangi, lakini haina mzizi ndani ya kitu. Mafundisho hayohayo yanamkatalia pia mpenda sanaa faraja yake, kwa kuwa hata ile "thamani ya kweli" haimo ndani ya mchoro kama kokwa ndani ya embe, bali huzuka pale kazi, jicho na muda vinapokutana. Kama ndivyo, mwenye fedha anaweza kununua mazingira ya kukutana huko, au akayafunga, ila kukutana kwenyewe hakununuliki.

Mwaka 2022 jambo hilo lilionekana kwa macho. Ellen Pau, msanii wa Hong Kong, aliagizwa na Art Basel pamoja na jumba la makumbusho la M+ kutengeneza kazi iitwayo *The Shape of Light*, iliyochota kutoka katika Sutra ya Moyo, andiko fupi la Kibuddha juu ya utupu, na kuieleza kwa lugha ya alama, ikaoneshwa kwenye ukuta wa taa wa jumba hilo unaoitazama bandari. Aliyekuwa ng'ambo ya maji, mfanyakazi anayesubiri feri au mzee anayepunga upepo, aliiona bila tiketi wala mwaliko, tena akapata kilekile alichopata mkusanyaji. Isidhaniwe kuwa kila ukuta wa mji huo uko huru hivyo: Machi 2023, wakati wa wiki ya soko, kazi ya msanii Patrick Amadon iliyokuwa na majina ya wanaharakati waliofungwa, yakipita haraka machoni, iliondolewa kwenye skrini kubwa ya barabarani. Walioiondoa hawakuiulizia bei. Walichokihofia ni maana yake, na hofu hiyo ni ushahidi kwamba kazi ina nguvu ambayo fedha haiipimi.

Kwa hiyo kuuza sanaa si dhambi, na msanii anayelipwa hajausaliti wito wake, kwani njaa haijawahi kumfanya mtu achore vizuri zaidi. Kosa liko katika kuuza kile ambacho muuzaji hana, yaani maana, kwa kuivika bei joho la siri hadi ionekane kuwa ndiyo daraja ya kazi, na katika kumwachia asiyenunua saa zilizobaki baada ya wenye mialiko kushiba. Tiba yake haihitaji falsafa mpya. Waandaaji wa soko la Wan Chai waulegeze mpaka kati ya siku za walioalikwa na siku za umma, na kila nyumba ya sanaa iandike bei kando ya kazi, kama alivyofanya Zheng Xie mwaka 1759.