Falsafa Ina Kazi Wodini

Mwaka 1957 padri Mjesuiti wa Marekani, Felix Biestek, alichapisha kitabu kilichoweka misingi saba ya uhusiano kati ya mhudumu na mteja. Miwili kati ya hiyo, mteja kujiamulia mambo yake na siri zake kutunzwa, leo inafundishwa kila panaposomeshwa ustawi wa jamii. Mwanafunzi huikariri, akafaulu mtihani, akaajiriwa kuwa afisa. Kisha anakutana na bibi aliyelazwa, ambaye wanawe wamekwisha kumsihi daktari asimweleze ugonjwa wake, na mwenyewe akiulizwa kuhusu matibabu anajibu, “Wataamua wanangu.” Afisa akiishika kanuni ya kujiamulia bila kujua chimbuko lake, atamlazimisha bibi kuamua peke yake, jambo ambalo hakuliomba. Akiiacha, amewakabidhi watoto uhai wa mama yao. Ndiyo maana naona anayesomea kazi hii chuo kikuu asome pia falsafa za dunia, si za Ulaya peke yake. Aliyemsoma Kant, aliyekataza mwaka 1785 mtu kutumiwa kama chombo tu, anajua kanuni ile inalinda nini hasa. Ataelewa kwamba hata kuwaachia wanawe ni kujiamulia, mradi bibi aulizwe faraghani, wanawe wakiwa nje ya chumba.

Wapo wanaohofu kwamba ukiingiza fikra za Kiafrika darasani, mtoto aliyeumizwa atanyamazishwa kwa jina la ukoo. Hofu hiyo ina msingi, wala haifai kupuuzwa. Katika insha ya mwaka 1984, Mnigeria Ifeanyi Menkiti, akijenga juu ya kazi ya John Mbiti wa Kenya, alidai kwamba kwa Waafrika utu hupatikana hatua kwa hatua ndani ya jamii, na mtoto mchanga bado hajaufikia. Mbele ya mtoto mwenye alama za fimbo mgongoni, dai hilo ni la hatari. Lakini aliyelipinga kwa nguvu ni Mwafrika mwenzake, Kwame Gyekye wa Ghana: jamii humlea mtu, ila thamani yake haitoki kwa jamii, amezaliwa nayo. Afisa aliyeyasoma mabishano haya hahitaji kumtishia mjomba aliyempiga mtoto huyo kwa sheria tu. Anaweza kumjibu kwa hoja ambazo mjomba mwenyewe anazitambua. Asiyeyasoma atadhani mila ina sauti moja, na kwa kawaida sauti hiyo huwa ya mwenye nguvu nyumbani.

Kuhusu muda, kwamba ratiba imejaa na maafisa ni wachache, nasema uchache wao ndio sababu ya kuwafundisha falsafa: afisa aliye peke yake wilayani hana wa kumuuliza. Tangu mwaka 2014 tafsiri ya kimataifa ya taaluma hii inataja maarifa ya wenyeji kuwa mojawapo ya nguzo zake. Basi vyuo vyetu viyafundishe kwa ukamilifu, pamoja na ubishi wake, na vimtahini mwanafunzi kabla hajapelekwa mafunzo kwa vitendo.